Tope la Choo Lageuzwa Makaa Nakuru. Nawe Mkulima Una Tope Lako

Mkulima, ukiambiwa kwamba chai uliyopewa ilichemshwa kwa makaa yaliyotoka chooni, pengine utakiweka kikombe chini. Usikiweke. Sikiliza kwanza jinsi makaa hayo yalivyopatikana.

Mjini Nakuru nyumba nyingi hazikuunganishwa na mabomba ya maji machafu. Choo cha shimo kikijaa, huitwa lori la kunyonya. Katika miaka ya 2010 kampuni ya maji ya mji huo ilianza kulitumia tope hilo. Walilitandaza ndani ya nyumba za plastiki ili jua likaushe. Kisha walilitia katika tanuru na kulichoma kwa hewa kidogo, kama vile mchoma makaa afunikavyo kuni zake kwa udongo. Lilipotoka lilikuwa jeusi, wala halikunuka. Wakalichanganya na vumbi la msumeno lililochomwa vivyo hivyo, wakalishikanisha kwa molasi, wakaliviringa kuwa madonge ya kupikia.

Kazi kubwa hapo ni ya moto. Jua hukausha, lakini mayai ya minyoo yaweza kukaa hai katika tope kwa miezi mingi. Katika tanuru hayaponi. Kwa hiyo mwenye lori akikuambia atakumwagia tope bichi shambani bure, akakusifia kwamba sukuma wiki itastawi, mkatalie. Ni kweli sukuma itastawi, lakini watoto wako watakula minyoo pamoja nayo.

Iko njia ya pili ya kupata moto katika tope, nayo ndiyo inayokufaa wewe uliye na ng'ombe. Tope likifungiwa mahali pasipo hewa, vijidudu visivyoonekana hulila na kutoa gesi. Zaidi ya nusu ya gesi hiyo ni methani, nayo huwaka. Huko Exeter, Uingereza, Donald Cameron alijenga tangi la maji machafu mwaka 1895, na gesi yake ikawasha taa za barabarani. Hapa Kenya, Tim Hutchinson alijenga mtambo wa kwanza katika shamba lake la kahawa mwaka 1957, na baadaye akawajengea wengine.

Ukitaka watoto waone kwa macho yao, wachukue chupa ya plastiki, waijaze nusu kwa samadi mbichi na maji, kisha wavike mdomo wake baluni na kuufunga kwa uzi. Iwekwe mahali pa joto. Baada ya siku kadhaa baluni itasimama. Wasiiwashe. Itazamwe tu.

Sasa tufanye hesabu. Ng'ombe wa gredi afungwaye zizini hutoa samadi ya kilo 10 hadi 15 kwa siku, na pengine zaidi. Kilo 25 hutoa kama mita 1 ya ujazo ya gesi, nayo huwasha jiko moja kwa saa 2 au 3. Basi ng'ombe wawili watakupikia chai ya asubuhi na ugali wa jioni. Mahindi na maharagwe makavu yatamtaka wa tatu! Ng'ombe wanaolala malishoni wasihesabiwe, kwa maana samadi yao hubaki huko huko.

Kila debe la samadi hutaka debe la maji. Kama mama wa nyumba yako huyateka maji mbali kwa punda, usimwongezee mzigo huo kabla hujaweka tangi la maji ya mvua. Tena nanyi wa Kinangop na Ol Kalou fahamuni kwamba vijidudu hivi hupenda joto. Penye baridi hufanya kazi polepole, kwa hiyo mtambo huchimbiwa ardhini na kufanywa mkubwa zaidi.

Wengi huitazama gesi tu, wakaliacha tope litokalo upande wa pili litiririke mtaroni. Hiyo ni hasara. Gesi huondoka na kaboni, lakini naitrojeni hubaki ndani ya tope, tayari kwa mimea. Lipeleke kwenye nepia na mahindi, ulifunike udongo siku hiyo hiyo, maana likiachwa juani naitrojeni hupotea hewani. Nepia ikirudi zizini, umeanza upya.

Wengine huunganisha choo cha nyumbani na mtambo. Yafaa kwa moto, ila mtambo hauna joto la tanuru, na mayai ya minyoo huweza kupita mzima mzima. Tope la mtambo wa namna hiyo litie kwenye miti na migomba, lisiguse mboga.

Gesi ya siku za kwanza haiwaki vizuri. Iachwe itoke nje, mbali na moto, mpaka ije ile ya mwali wa buluu. Mtambo ukiziba, mtu yeyote asishuke ndani, hata kama shimo si refu. Gesi iliyomo huua upesi, na anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa pia. Mwite fundi.

Kabla ya kuchimba, fika katika ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe. Njoo na idadi ya ng'ombe walalao zizini, hatua kutoka zizini hadi jikoni, na hatua kutoka zizini hadi majini.