Nikeli ya Kabanga na biashara ya vyuma vya nyuklia: Kinachouzwa ni cheti

TANGU mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021, wafanyabiashara wengi wa Kahama wameelekeza macho kwenye kiwanda cha kusafisha nikeli kilichotangazwa kujengwa katika eneo hilo hilo. Mali ghafi inatarajiwa kutoka Kabanga, wilayani Ngara, ambako mwamba una nikeli karibu asilimia 2, pamoja na shaba na kobalti. Serikali ina hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel, na leseni ya usafishaji ilitolewa mwaka 2024. Hata hivyo, hadi mwaka 2025 unamalizika, uchimbaji wenyewe ulikuwa haujaanza.

Mazungumzo mengi kuhusu nikeli hiyo ni ya betri za magari. Lakini yupo mnunuzi mwingine ambaye hutajwa kwa nadra, naye ni mtengenezaji wa vyuma vya mitambo ya nyuklia. Huyu hachukui tani nyingi. Namna anavyonunua ndiyo inayofaa kujulikana na kila fundi wa kuchomelea na kila muuza vyuma kuanzia Shinyanga mjini hadi Katoro mkoani Geita.

Mtambo wa nyuklia, ukiacha fueli yake, hautofautiani sana na birika kubwa. Joto la urani huchemsha maji, na mvuke huzungusha mashine ya umeme. Katika mitambo ya aina iliyoenea zaidi duniani, maji ya moto kutoka kwenye fueli hupita ndani ya maelfu ya mabomba membamba, na maji mengine masafi huchemkia nje ya mabomba hayo. Bomba likitoboka, maji yenye mionzi huingia yasikotakiwa. Ndiyo sababu mabomba hayo hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye nikeli nyingi. Ule wa zamani, Alloy 600, ulikuwa na nikeli zaidi ya asilimia 70. Ulipoonekana kupata nyufa, nafasi yake ikachukuliwa na Alloy 690, wenye nikeli karibu asilimia 60 na kromiamu karibu asilimia 30.

Hapo kobalti, ambayo kwa mtu wa betri ni mali, hugeuka uchafu. Ikiwa ndani ya mtambo huwa kobalti-60, yenye mionzi mikali inayochukua zaidi ya miaka 5 kupungua kwa nusu, na wanaoumia ni mafundi wa matengenezo. Kwa hiyo nikeli ya kazi hii lazima iwe imetenganishwa vizuri na kobalti. Kutenganisha huko ni kazi ya kiwanda cha kusafishia, si ya mgodi. Wakazi wa Kahama walioshuhudia sakata la makinikia ya Buzwagi na Bulyanhulu mwaka 2017 wanajua tofauti kati ya kusafirisha mchanga na kusafirisha chuma.

Mmoja wa watengenezaji wakubwa wa vyuma hivyo ni BWX Technologies ya Marekani. Kupitia viwanda vyake, kikiwamo cha Lynchburg, Virginia, hutengeneza mitambo ya nyuklia ya nyambizi na meli za kubeba ndege za Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo. Kiwanda chake cha Cambridge, Kanada, huhudumia vituo vya umeme. Wateja hao wawili hawafanani, lakini wote huagiza miaka mingi kabla ya kupokea. Linganisha na muuza nikeli ghafi: Machi 2022 bei ya soko la London ilivuka dola 100,000 kwa tani hadi biashara ikasimamishwa, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 20,000.

Siri ya wanaopata mikataba hiyo mirefu ni karatasi. Kila kipande hufuatana na historia yake: kimeyeyushwa tanuri gani, kimechomelewa na nani, kimepimwa lini. Karatasi ikiwa ya uongo, chuma kizuri huhesabiwa kibovu. Mwaka 2012 Korea Kusini ilizima mitambo 2 ya Yeonggwang baada ya kubainika kuwa wauzaji walighushi vyeti vya vipuri. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Ufaransa, ambako kiwanda cha Creusot kiligundulika kuwa na kumbukumbu zenye kasoro za mamia ya vipande. Mtambo mmoja wa Fessenheim ulisimama tangu mwaka huo hadi 2018.

Mkulima wa pamba wa Kishapu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Baada ya soko kufunguliwa mwaka 1994, usimamizi wa madaraja ya pamba ulilegea, wajanja wakaongeza maji na mchanga, na pamba ya Tanzania ikapoteza bei ya ziada iliyokuwa ikilipwa kwa ubora wake. Aliyepeleka pamba safi naye alilipwa bei ya aliyechanganya.

Si lazima kusubiri nyuklia, wala nikeli. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443, linapita katika mikoa ya Geita na Shinyanga, na katika kazi kama hiyo mchomeleaji hupimwa kwanza, kisha viungo vyake hukaguliwa. Migodi nayo inatakiwa na kanuni za mwaka 2018 kuwapa Watanzania kipaumbele katika manunuzi, lakini kipaumbele hicho hakifuti masharti ya ubora. Fundi hodari wa kutengeneza makarasha, asiye na cheti cha kupimwa wala cha chuma alichotumia, hubaki kuwauzia wachimbaji wadogo.

Upande wa muuza vyuma, gharama ya kuanzia ni ndogo. Pleti nzuri hutoka kiwandani ikiwa na namba ya tanuri, inayolingana na ile iliyo kwenye cheti chake. Dukani hukatwa vipande, na mara nyingi upande wenye namba ndio unaouzwa kwanza, kilichobaki kikawa chuma kisicho na jina. Anayeiandika namba hiyo kwenye kila kipande kabla ya kukata, na kutunza nakala ya cheti kwenye faili, anaweza kumpa mnunuzi wa mgodini vyote viwili kwa pamoja.