MAFUTA YA TRANSFOMA NAYO HUZEEKA

Mwaka jana wakati wa mtihani wa KCSE, transfoma ya mtaa wetu ililia "puu!" saa mbili usiku, stima ikapotea. Tulikaa gizani siku 19. Kaka yangu, aliyekuwa mtahiniwa, alisomea Kemia kwa koroboi, naye mwenye mashine ya kusaga unga akafunga mlango. Watu walisema mengi: ati ni radi, ati ni kunguru. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa stima, alipotutembelea Krismasi nilimuuliza. Akanijibu kwa neno moja tu: "Mafuta."

Mafuta? Mimi nilidhani ndani ya lile debe la kijivu mna nyaya peke yake. Kumbe nyaya hizo, zinazopokea volti 11,000 na kutuletea 240 nyumbani, huvishwa karatasi kisha zikatumbukizwa zote katika mafuta. Mafuta huizuia stima isiruke ovyo, tena huchukua joto na kulitoa nje.

Maadui wake ni joto, hewa na maji. Oksijeni ikikutana na mafuta moto, asidi hutokea, na baadaye tope linaloziba njia za mafuta. Mafuta mapya hung'aa. Yakizeeka huwa kama chai ya strungi.

Lakini mgonjwa mwenyewe hasa ni karatasi. Hiyo ni selulosi, yaani glukosi zilizoshikana kama shanga katika uzi. Karatasi mpya ina shanga takriban 1,000 kwa uzi mmoja. Zikikatika zikabaki 200, karatasi hupukutika. Mafuta yaweza kuchujwa au kubadilishwa, ila karatasi ikizeeka ndiyo basi. Nawe huwezi kuifungua transfoma inayofanya kazi uione karatasi yake! Kwa hiyo fundi huchota mafuta kidogo kwa bomba la sindano akayapeleka maabara, kwa maana karatasi ikioza huacha ndani yake kemikali ziitwazo furani.

Asidi hupimwa kwa hidroksidi ya potasiamu. Wenzangu wa Kidato cha Tatu, ni titresheni ile ile inayotutoa jasho! Kisha mafuta hutiwa katikati ya vichwa viwili vya madini vilivyotengana milimita 2.5, na volti huongezwa hadi cheche iruke. Mafuta mapya yaliyosafishwa hustahimili volti 70,000. Yakishindwa kabla ya 30,000, yamechoka.

Kilichonifurahisha zaidi ni gesi. Cheche kali zikipigana ndani, huzaliwa asetilini, ile ya mafundi wa kuchomelea. Mafuta yakipata joto kupita kiasi, ni ethilini. Karatasi ikiungua, ni kaboni monoksaidi. Basi mtu wa maabara hujua kinachoungua bila kufungua hata bolti moja.

Tena wako wanaoyaiba mafuta haya wakakaangie chipsi! Jamani! Mengine ya zamani yalitiwa PCB, sumu iliyomo katika Mkataba wa Stockholm wa 2001. Siku hizi sinunui chipsi kabla sijauona mtungi wa mafuta.

Mjomba anasema transfoma kubwa za vituoni hupimwa mara kwa mara, na nyingine zina vyombo vinavyopima haidrojeni mchana na usiku. Zetu ndogo za mtaani hungoja mpaka zilie "puu". Mimi naona si haki, maana hata sisi tuna mitihani.

Transfoma yetu mpya ina kichupa cha kioo chenye chembe za silika, ambamo hewa hupita ikaachwa maji yake. Chembe zikiwa kavu ni za buluu. Zikilowa huwa za waridi. Huzichungulia kila asubuhi nikija shule. Januari zilikuwa buluu tupu. Jumatatu iliyopita niliona waridi imefika nusu ya kichupa, nikaomba simu ya mama nimpigie mjomba.