Wimbo na Kitabu

Mungu alimwagiza Musa auandike wimbo, kisha awafundishe Waisraeli wauimbe (Kumbukumbu la Torati 31:19). Maandishi na sauti vilikwenda pamoja.

Sisi wazazi huvitenga: kuimba twaiachia Shule ya Jumapili, kusoma twamwachia mwalimu. Lakini mtoto aimbapo akipiga makofi, neno hukatika vipande: ba-ba, ma-ma, Ye-su. Sikio likizoea silabi hizo, jicho nalo hujifunza kwa urahisi kuzitambua kitabuni.

Basi jioni hii tumpakate mtoto, tuimbe naye ubeti mmoja, kisha tufungue kitabu cha nyimbo na kuyafuata maneno kwa kidole. Mama asiyejua kusoma asione haya. Yeye aimbe, kifungua mimba aonyeshe maneno. Bwana atusaidie. Amina.