Hifadhidata na Nakala Zake (3): Kurejesha Mahali Papya

Nakala rudufu ya hifadhidata haibebi data peke yake. Katika SQL Server ya Microsoft hubeba pia njia kamili ya kila faili: herufi ya diski, folda na jina. Wakati wa kurejesha, programu hutaka kuandika faili palepale zilipokuwa mwanzo, na diski hiyo isipokuwepo kwenye seva mpya, kazi hukwama.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuihoji nakala. Amri ya RESTORE FILELISTONLY hutaja faili zilizomo, makao yake ya awali na ukubwa wake. Ukubwa huo ndio wa kuzingatia, kwani nakala iliyobanwa huwa ndogo kuliko hifadhidata itakayotoka ndani yake. Kisha katika amri ya kurejesha huongezwa MOVE kwa kila faili, ya data na ya kumbukumbu za miamala, ikitaja makao mapya. Akaunti inayoendesha programu lazima iwe na ruhusa ya kuandika humo. Katika mfumo mwingine, PostgreSQL, zana ya pg_restore ina chaguo la kupuuza maeneo ya zamani ya kuhifadhia.

Uzito wa kazi hii unaonekana katika mtaa wa Kilimani, Nairobi. Katika jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong, kituo cha teknolojia cha iHub kilifunguliwa mwaka 2010 na waliokuwa nyuma ya Ushahidi, jukwaa lililoanza 2008 kukusanya taarifa za wananchi kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya. Taarifa za namna hiyo zikipotea hazikusanywi tena. Wala uhamisho hausubiri maafa: mitambo ya M-Pesa, huduma iliyoanza 2007, ilikaa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015.

Kurejesha hakujakamilika amri inapomaliza. Katika SQL Server, amri ya DBCC CHECKDB hukagua uzima wa data, na watumiaji huunganishwa upya na akaunti za seva mpya. Bila hivyo data ipo lakini hawaifikii. Jaribio la kurejesha lifanywe mapema, nakala ya zamani ikiwa bado salama.

Diski mpya ikiwa nje ya nchi, kurejesha data binafsi huko ni kuihamisha. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 huruhusu hilo kwa masharti tu, mojawapo likiwa kumthibitishia Kamishna wa Data kwamba kuna ulinzi unaofaa.