Fannie Lou Hamer: mama aliyefukuzwa shambani kwa sababu ya kura

Tunapozungumza na kamati za kambi juu ya mapambano ya watu weusi wa Marekani dhidi ya ubaguzi wa rangi, jina linalotajwa kwanza ni la Martin Luther King. Mama mmoja alituuliza: «Na wanawake walikuwa wapi?» Swali lake ndilo limetufanya tuandike habari hii.

Fannie Lou Hamer alizaliwa mwaka 1917 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, akiwa kitinda mimba kati ya watoto 20. Wazazi wake walilima pamba kwenye mashamba ya wazungu kwa mpango wa kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi, nyumba, mbegu na chakula cha mkopo, familia ililima, na wakati wa mavuno mwenye shamba huyohuyo ndiye aliyepima pamba na kushika daftari la madeni. Familia nyingi zilimaliza mwaka na deni jipya. Wale kati yetu wanaolima ardhi ya mwingine wanaelewa bila maelezo zaidi. Mtoto Fannie alianza kuchuma pamba akiwa na miaka 6.

Sheria ya nchi ilikwisha kuwapa watu weusi haki ya kura, wanaume mwaka 1870, wanawake mwaka 1920. Lakini Mississippi iliweka mtihani: anayetaka kuandikishwa asome kifungu cha katiba ya jimbo na kukifafanua, na karani mzungu aamue kama amefaulu. Hamer alifika umri wa miaka 44 bila kujua kwamba mtu mweusi anaweza kuandikishwa. Alilisikia hilo kanisani mwezi wa Agosti 1962, kutoka kwa vijana waliokuwa wakihamasisha watu.

Tarehe 31 Agosti yeye na wenzake 17 walipanda basi kwenda mji wa Indianola. Karani alimpa kifungu ambacho hakuwahi kukisikia, akashindwa. Wakati wa kurudi, polisi walisimamisha basi na kumtoza dereva faini, eti rangi ya basi ni ya njano kupita kiasi. (Vizuizi vya barabarani vina ndugu zao kila nchi.) Alipofika nyumbani, mwenye shamba alimwambia achague: afute jina lake au aondoke. Alikuwa ameishi hapo miaka 18. Alijibu kwamba alikwenda kujiandikisha kwa ajili ya nafsi yake, si kwa ajili ya bwana huyo. Akaondoka usiku uleule. Mumewe alilazimishwa kubaki mpaka mavuno yaishe. Siku chache baadaye, risasi 16 zilipigwa kwenye nyumba ya watu waliompokea.

Alifaulu mtihani Januari 1963. Juni mwaka huo, katika jela ya Winona, polisi waliamuru wafungwa wampige. Figo na jicho lake havikupona kabisa. Agosti 1964 alisimulia hayo yote mbele ya mkutano wa chama cha Democratic, huku kamera zikimwonyesha. Rais Johnson aliwaita waandishi wa habari haraka ili kamera zigeukie kwake, lakini usiku televisheni zilirusha maneno ya mama huyo. Mwaka uliofuata sheria mpya ya haki ya kura ilifuta mitihani ya aina hiyo.

Lakini tunataka viongozi wetu watazame zaidi habari ya chakula. Mwishoni mwa 1962, wakuu wa wilaya jirani ya Leflore walisimamisha mgao wa chakula cha serikali ili kuwaadhibu weusi waliojiandikisha. Chakula na nguo vilipoletwa kutoka kaskazini, Hamer aliwaambia waliokuja kupokea waende kwanza kujiandikisha. Jambo hilo tumelijadili sana ofisini. Kwetu msaada hauna sharti, na tunaona hapo alikosea. Ila tunamwelewa: aliona magunia yataisha, na mwenye shamba atabaki palepale.

Ndiyo maana mwaka 1969 alianzisha ushirika wa kilimo, Freedom Farm, kwa kununua ekari 40. Ushirika ulilima mboga na kukopesha nguruwe jike. Akizaa, familia ilirudisha sehemu ya watoto ili familia nyingine ipate. Wengi wenu mnaujua mpango huo kwa mbuzi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mwenye chakula ghalani hatishiwi kwa urahisi siku ya kura.

Ushirika haukudumu. Mafuriko, ukame na madeni viliuangusha katikati ya miaka ya 1970, na karibu ardhi yote ikapotea. Hamer alifariki tarehe 14 Machi 1977, akiwa na miaka 59. Amezikwa Ruleville, kwenye kipande cha ardhi kilichonunuliwa na ushirika huo.