KAZI YA KUTOA DAMU NA KUPIMA MOYO

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, wazazi wengi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Kaloleni na Bahati hata Buruburu, Kayole na Dandora, huketi na watoto wao wakiulizana swali moja: Je, mtoto huyu ajifunze kazi gani? Wako vijana wapendao kazi ya hospitali, lakini hawakupata alama za kuwawezesha kusomea udaktari. Nao huona kando ya njia mabango yenye kuahidi kumfundisha mtu kutoa damu, au kupima moyo kwa mashine, kwa muda wa majuma machache tu. Basi yafaa tueleze kazi hiyo ni kazi gani, hufundishwaje, na mzazi ajihadhari na nini kabla hajatoa fedha zake.

KAZI YENYEWE

Daktari hawezi kuona kwa macho yaliyomo katika damu ya mgonjwa, wala hawezi kuona umeme mdogo ambao moyo huutoa kila upigapo. Kwa hiyo hutegemea mikono ya watu wengine. Mmoja huchukua damu na kuipeleka maabara. Mwingine humlaza mgonjwa, akamfunga nyaya, na mashine ikaandika mwendo wa moyo wake katika karatasi. Baadaye daktari huletewa majibu.

Lakini daktari huyo hakuuona mkono ulipodungwa, wala hakukiona kifua kilipobandikwa nyaya. Damu ikichukuliwa vibaya, au waya ukiwekwa mahali pasipo pake, karatasi haitamwambia. Itatoa jibu kwa ufasaha ule ule, nalo litakuwa jibu la uongo. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa kazi hii hana budi kulishika: makosa yake mengi hayaonekani na mtu mwingine yeyote ila yeye mwenyewe.

Elimu hizi mbili zilikua karibu wakati mmoja. Mwaka wa 1901 Karl Landsteiner, daktari wa mji wa Vienna, alieleza kwamba damu za watu zina makundi mbalimbali, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1930. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa karne, Willem Einthoven wa Leiden, katika nchi ya Uholanzi, alitengeneza chombo cha kuandika umeme wa moyo, akapewa tuzo hiyo mwaka wa 1924. Chombo chake cha kwanza kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitia mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Siku hizi mashine ya kazi hiyo huchukuliwa kwa mkono mmoja, lakini mambo yapasayo kuangaliwa na mpimaji hayakupungua.

KUTOA DAMU

Watu wengi hudhani kwamba shida ya kazi hii ni kuupata mshipa. Kwa kweli mkono hujifunza kazi hiyo baada ya mazoezi mengi. Shida kubwa huanza kabla ya sindano kuguswa.

Tuseme katika wodi moja wamelala mama wawili, wote wakiitwa Wanjiku. Mtoaji damu akifika na kuuliza, "Wewe ndiye Wanjiku?" yule wa kwanza ataitika, maana ndivyo aitwavyo; na hata mgonjwa mwingine aliyechoka kwa homa huweza kuitika jina lisilo lake. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuuliza hivi: "Mama, tafadhali niambie majina yako yote, na tarehe uliyozaliwa." Kisha hulinganisha jibu na cheti alicho nacho. Akimaliza kutoa damu, huandika au hubandika jina juu ya kichupa pale pale kando ya mgonjwa, kabla hajaondoka. Hawezi kutia vichupa vitupu mfukoni na kwenda kuviandika mezani. Mama wa kundi la O akipewa damu ya kundi la A kwa sababu vichupa vimebadilishana majina, mwili wake utaiharibu damu ile, naye aweza kufa.

Baada ya hayo huja kazi ya mkono. Mpira hufungwa juu ya kiwiko, nao usikae zaidi ya dakika moja, kwa kuwa damu iliyozuiliwa muda mrefu hubadilika. Mshipa hutafutwa kwa kidole, mara nyingi katika upande wa ndani wa kiwiko. Ngozi husafishwa kwa spiriti, ikaachwa ikauke yenyewe. Asiipulizie kwa kinywa, wala asiiguse tena. Sindano huingia kwa kulala, pembe yake isizidi digrii 30. Mpira hufunguliwa kabla ya sindano kutolewa. Mgonjwa hukandamiza pamba huku mkono wake umenyooka, maana akiukunja, damu huvuja chini ya ngozi.

Vichupa navyo vina utaratibu wake, na rangi za vifuniko si mapambo. Kila rangi ina dawa yake ndani, na hujazwa kwa zamu: buluu kwanza, kisha nyekundu au manjano, kisha kijani, kisha zambarau, na kijivu mwisho. Dawa iliyomo katika kichupa cha zambarau, ambayo huzuia damu isigande, kwa kawaida ina potasiamu. Tone lake likiingia katika kichupa kingine, maabara itapima potasiamu nyingi ambayo haimo mwilini mwa mgonjwa. Na kwa kuwa potasiamu nyingi yaweza kuusimamisha moyo, daktari aweza kuanza kutibu hatari ambayo haipo.

KUPIMA MOYO

Mashine ya moyo haimtilii mtu umeme. Husikiliza tu umeme utokao kwake. Yafaa mgonjwa aambiwe hivyo mapema, kwa kuwa wengi wakiona nyaya huogopa, na mtu aogopaye hutetemeka. Mashine haiwezi kutofautisha vizuri umeme wa misuli inayotetemeka na ule wa moyo, na mistari yake huvurugika. Kwa sababu hiyo mgonjwa hulazwa, hufunikwa asipate baridi, na huachwa atulie kitambo.

Vibandiko ni 10: 4 katika mikono na miguu, na 6 kifuani. Kwa hivyo 10 mashine hupata picha 12 za moyo, kana kwamba watu 12 wanautazama kutoka pande mbalimbali. Mpimaji huhesabu mbavu kwa vidole, wala hakisii kwa macho. Kibandiko cha kwanza cha kifua huwekwa katika nafasi ya nne kati ya mbavu, upande wa kuume wa mfupa wa kidari. Cha pili huwekwa mkabala wake upande wa kushoto. Cha nne huwekwa katika nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga, na cha tatu kati ya cha pili na cha nne. Cha tano na cha sita hufuata usawa wa cha nne, kuelekea ubavuni chini ya kwapa.

Waya wa mkono wa kuume ukifungwa katika mkono wa kushoto, picha hugeuka, na moyo mzima huweza kuonekana kama wenye ugonjwa. Vile viwili vya kwanza vya kifua vikiwekwa juu mno, karatasi yaweza kuonyesha dalili ya kovu la moyo ambalo halipo. Karatasi hupita kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde. Kila mraba mdogo ni sehemu 4 katika 100 za sekunde moja, na daktari huamua dawa kwa kuhesabu miraba hiyo.

Liko tena jambo la heshima. Ili apimwe moyo, mtu hana budi kufunua kifua. Mama wa makamo hapendi kufunuliwa mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Pazia lifungwe, shuka iwepo, na mgonjwa aelezwe kila jambo kabla ya kuguswa. Akiomba kupimwa na mwanamke, aletewe mwanamke ikiwezekana. Mpimaji asiyejali haya ya mgonjwa atafanya kwa haraka ili amalize, na mwenye haraka hahesabu mbavu.

HOFU YA WATU

Wazee wa Nairobi wanakumbuka uvumi wa mumiani, kwamba wako watu, na hata wazima moto walitajwa, waliokamata wapita njia usiku ili kuchukua damu yao. Uvumi huo ulienea sana katika Afrika ya Mashariki zama za ukoloni. Tusiwacheke walioamini. Damu ni uhai, na mtu aliyechukuliwa damu bila kuelezwa sababu, wala kurudishiwa jibu, ana haki ya kuuliza imekwenda wapi.

Basi mtoaji damu mwema huwa na majibu. Kichupa kimoja cha kupimia huchukua kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Mwili wa mtu mzima una lita 5 hivi za damu. Hata yule anayejitolea damu ya kuwasaidia wengine hutoa mililita 450 tu, na mwili huirudisha. Maneno machache kama haya, yakisemwa kwa upole, humtuliza mgonjwa.

MAHALI PA KUJIFUNZA

Katika nchi nyingine kutoa damu ni kazi ya peke yake. Katika jimbo la California, Marekani, mtu asiye na ujuzi wa kazi hiyo hutakiwa kusoma darasani saa 40, kufanya kazi ya mkono saa 40 nyingine, na kutoa damu mishipani si chini ya mara 50, ndipo apate cheti. Huenda mabango ya majuma machache yameiga mtindo huo.

Lakini hapa Kenya mambo ni mbali. Damu hutolewa hasa na wataalamu wa maabara, wauguzi na maafisa wa kliniki. Na mashine ya moyo mara nyingi hushikwa na wauguzi na maafisa hao. Kila mmoja wao husomea kazi nzima, na sindano au mashine ni sehemu moja tu ya kazi hiyo. Sheria ya mwaka wa 1999 iliunda Bodi ya Mafundi na Wataalamu wa Maabara za Matibabu. Bodi hiyo ndiyo huidhinisha vyuo vya fani hiyo, na ndiyo humwandikisha mtu kabla hajafanya kazi ya maabara. Wauguzi na maafisa wa kliniki wana mabaraza yao.

Chuo cha serikali kijulikanacho sana ni Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, kilichoanza mwaka wa 1927. Makao yake yako karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ile iliyoitwa King George VI tangu mwaka wa 1952 mpaka baada ya Uhuru, nacho kina matawi katika sehemu nyingi za nchi. Stashahada ya maabara huchukua miaka 3, na masomo ya biolojia na kemia hutazamwa sana kwa waombaji. Shahada ya chuo kikuu huchukua miaka 4.

Kwa hiyo, ewe mzazi, kabla ya kuuza shamba la nyumbani au kukopa katika chama, uliza maneno matatu. Kwanza: Je, chuo hiki kimeidhinishwa na Bodi au Baraza la kazi hii? Usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani. Kaulize kwa Bodi yenyewe. Pili: Mwanafunzi atafanya mazoezi katika hospitali gani, na kwa muda gani? Mtu hawezi kujifunza mshipa kwa kutazama picha. Tatu: Je, akimaliza ataandikishwa? Jibu likiwa hapana, kijana atarudi Kayole na cheti ambacho hospitali haitakipokea, na fedha hazitarudi. Mafunzo mafupi yana faida kwa mtu aliyekwisha kuandikishwa ambaye ataka kuongeza ujuzi, lakini hayawezi kushika mahali pa msingi.

HATARI NA AMANA

Kazi hii ina hatari yake. Sindano iliyotumika isifunikwe tena kwa mkono, bali itupwe papo hapo katika sanduku lake gumu. Mwanafunzi achanjwe ugonjwa wa ini wa aina ya B kabla ya kuanza. Akijichoma, aoshe jeraha kwa maji na sabuni na kutoa habari mara moja. Dawa za kuzuia Ukimwi hufaa zikianzwa mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 72. Anayeficha kwa kuona haya hujiumiza mwenyewe.

Ndivyo ilivyo pia kwa makosa mengine. Mtoaji damu akitilia shaka jina juu ya kichupa, akitupe, amrudie mgonjwa, aombe radhi, atoe damu nyingine. Mpimaji akitilia shaka nyaya, apime tena. Kufanya hivyo ni aibu ya dakika tano. Kunyamaza kwaweza kuwa msiba wa nyumba nzima. Kijana awezaye kusema, "Nimekosea, niruhusu nirudie," hata kama hakuna aliyemwona, ndiye afaaye kupelekwa kusomea kazi hii. Sindano na mashine atafundishwa. Lakini ukweli huo ni lazima atoke nao nyumbani.