Wimbo Umefika kwa Nani?

Mwaka 2013 nyimbo za Zoë Keating zilichezwa mara 403,035 kwenye Spotify, na malipo aliyopata kwa mwaka mzima yakawa dola 1,764. Mwaka huohuo, kupitia Bandcamp, duka la mtandaoni ambako msanii humuuzia msikilizaji moja kwa moja, aliuza albamu 2,899 na nyimbo mojamoja 185, akaingiza dola 25,575. Keating hupiga chelo, ile fidla kubwa ambayo wapenzi wa taarab ya Unguja wanaifahamu jukwaani. Anaishi Marekani, anajirekodi mwenyewe, na hana kampuni ya muziki nyuma yake. Hesabu hizi alizianika yeye mwenyewe, jambo ambalo wasanii wengi hawathubutu kulifanya, na waliozisoma wengi wakaziona kuwa malalamiko ya mtu aliyepunjwa. Mimi naziona kwa jicho jingine. Kabla ya hapo Keating alikuwa amekwisha kuandika kwamba, kwa hatua aliyofikia katika kazi yake, angependa kulipwa kwa taarifa kuliko kwa fedha: wasikilizaji wake ni akina nani, wako miji gani, atawafikiaje siku akitaka kwenda kuwapigia. Wanunuzi wa Bandcamp, wasiozidi elfu tatu na ushee, walimlipa zaidi ya mara 14 ya zile mara laki nne na ushee alizosikilizwa Spotify, na juu ya hayo walikuwa watu anaoweza kuwaandikia tena.

Hapo ndipo mjadala wetu kuhusu kugawana muziki unapopotea njia. Tangu Napster ilipoanza mwaka 1999 na kuwawezesha watu kupeana nyimbo bure, macho yote yameelekezwa kwenye nakala: nani kaitengeneza, nani kaiiba, nani alipe faini. Kwetu tumeipigania nakala hiyo katika kanda za kaseti, kisha CD za kuchoma, kisha memori kadi zinazojazwa nyimbo kwenye vibanda vya simu, na sasa WhatsApp. Ni vita isiyo na mwisho, kwa sababu kurudufu wimbo hakugharimu chochote na kitu kisichogharimu hakizuiliki kwa urahisi. Ninachoshikilia ni kwamba mwanamuziki wa kujitegemea hana haja ya kuogopa wimbo wake kusambaa. Hasara yake kubwa ni wimbo kusambaa bila yeye kujua umefika kwa nani.

Mmoja wa waliosema mapema kwamba nakala za bure si adui ni Janis Ian, mwimbaji Mmarekani aliyepata umaarufu mkubwa mwaka 1975 kwa wimbo "At Seventeen". Mwaka 2002, Napster ikiwa imekwisha kufungwa kwa amri ya mahakama na kampuni kubwa zikiendelea kupambana na upakuaji wa bure, aliandika makala iliyowaudhi wengi. Alieleza kwamba katika miaka 37 ya kurekodi, akiwa ametoa albamu zaidi ya 25 kwa kampuni kubwa, hajawahi kupokea hesabu ya mirabaha isiyoonyesha kwamba yeye ndiye anayedaiwa. Hili linahitaji maelezo, maana ndilo linalowashangaza wasioijua biashara hii. Kampuni humpa msanii fedha za kuanzia. Gharama za studio, na mara nyingi za video na safari, huandikwa kuwa deni lake, kisha deni hilo hulipwa kutoka kwenye fungu lake peke yake, ambalo ni dogo. Kwa hiyo albamu inaweza kumnufaisha kila aliyeigusa huku aliyeiimba akiwa bado chini ya sifuri. Ian alipoanza kuweka nyimbo za bure kwenye tovuti yake, aliona mauzo ya albamu zake yakipanda. Wengi walipata funzo moja tu, kwamba cha bure kinaleta wateja. Nadhani waliruka jambo muhimu zaidi: nyimbo hizo alizigawia mlangoni kwake mwenyewe. Aliyekuja kuchukua mmoja aliona nyingine zote, na akamkuta mwenye nazo.

Jonathan Coulton aliifanya kanuni hiyo kuwa kazi. Alikuwa mtunga programu za kompyuta jijini New York, hajulikani, ana familia. Mwezi Septemba 2005 aliacha kazi na kujiwekea sharti la kuachia wimbo mmoja kila wiki kwa mwaka mzima, na mwaka ulipoisha zikatimia nyimbo 52. Alizitoa kwa leseni ya Creative Commons, utaratibu wa kisheria unaomwezesha mtunzi kutangaza mapema kile ambacho watu wanaruhusiwa kufanya na kazi yake. Yeye aliruhusu nyimbo zigawanywe, zikatwe na zitumiwe upya, mradi atajwe na zisifanyiwe biashara. Mashabiki wakazitengenezea video kwa hiari yao na kuzipeleka mahali ambapo yeye asingefika. Kufikia mwaka 2007 ilielezwa kwamba asilimia 41 ya kipato chake ilitokana na kuuza nyimbo hizohizo kwa njia ya mtandao, na sehemu kubwa ya mauzo hayo ilifanyika kwenye tovuti yake. Kuhusu maonyesho, hakubahatisha: mashabiki walijiandikisha kwa miji yao, na mji uliopata majina ya kutosha, kiasi cha mia hivi, ndio aliokwenda.

Atauliza mtu: kama wimbo ni bure, anayelipa analipia nini? Analipia kwa sababu amejua kuna mtu upande wa pili, na amejua fedha yake inakwenda wapi. Kuna pingamizi jingine, kwamba Coulton alibahatika tu. Lilitolewa kwa nguvu mwaka 2011, ilipotangazwa kwamba mwaka uliotangulia alikuwa amepata kiasi cha dola nusu milioni. Kuhusu kiasi hicho nakubali, kwani wanamuziki wengi hawatakiona maisha yao yote. Lakini njia yenyewe haihitaji umati. Wanunuzi wa Keating hawajazi hata uwanja mdogo wa mpira, na bado mchango wao ni kipato ambacho mpiga chelo asiye na kampuni anaweza kukipangia bajeti.

Kugawa hakumaanishi kutupa. Mwezi Januari 2013 tamthilia ya televisheni iitwayo Glee ilirusha wimbo uliofuata karibu hatua kwa hatua mpangilio ambao Coulton alikuwa ameutengenezea wimbo wa mtu mwingine, bila kumtaja. Kwa maelezo yake, wenye tamthilia walimwambia kwamba sheria iko upande wao na kwamba afurahie kutangazwa. Kutangazwa kwa namna gani, kama jina halipo? Coulton aliitoa upya rekodi yake ya zamani, akaiuza, na mapato akayapeleka kwenye misaada. Shabiki anayempa rafiki yake wimbo hubeba na jina la aliyeuimba. Jina hilo likiondolewa, njia ya kumrudia mtunzi imekatika, hata kama wimbo utasikiwa na mamilioni.

Pingamizi ninaloliona zito kweli ni la jasho. Kumjua msikilizaji ni kazi, na kazi hiyo haina saa za kufunga. Coulton alikuwa akipokea hadi barua pepe 100 kwa siku na kujaribu kuzijibu zote. Majibu yakawa mafupi zaidi na zaidi, naye akaanza kujihisi mkosefu wa adabu. Saa alizojibia barua hazikuwa za kutunga. Msanii wa leo ana mzigo mkubwa kuliko huo, kwa kuwa mitandao ya kijamii inamtaka aonekane kila siku, awe na jipya au asiwe nalo. Anayesema intaneti imempa msanii uhuru na kunyamazia uchovu huu hasemi kweli yote. Hata hivyo, nadhani hapa tunachanganya mambo mawili. Kuonekana kila siku kwenye ukurasa wa kampuni nyingine ni kuitumikia kampuni hiyo: ikibadilisha kanuni zake usiku, asubuhi wafuasi laki moja hawaoni tena ulichoandika. Orodha ya watu mia tano waliokupa anwani zao wenyewe inakaa kwako, na unaweza kuiandikia mara nne kwa mwaka, kisha ukarudi kwenye ala yako.

Waswahili hatuhitaji kufundishwa hili kutoka mbali. Katika taarab kuna kutunza: msikilizaji huinuka katikati ya wimbo, akacheza taratibu hadi mbele na kumpa mwimbaji noti. Mara nyingi hachagui beti ovyo. Anainuka pale maneno yanapomgusa, au yanapomgusa jirani aliyeketi meza ya pili. Kwa tendo hilo moja mwimbaji anapata fedha, anaona sura ya aliyeitoa, na anajua ni ubeti gani uliomwinua. Ni taarifa zilezile ambazo Keating alizitamani. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mkono huo wa kutunza unaweza kutoka Kisumu ukafika Lamu kwa dakika moja, ukiwa na jina la mtoaji kwenye ujumbe. Msanii wa Temeke au Likoni anayeachia wimbo WhatsApp leo auache ukimbie, upite kila kundi na kila memori kadi. Jina lake litamkwe ndani ya wimbo wenyewe, namba ya simu ionekane kwenye video, na kila atakayetuma, hata kama ni shilingi mia, jina lake na mji wake viandikwe kwenye daftari.